Mlinzi Asilishwe kwa Faini
Mwongozo wa kuanzisha na kugharamia ulinzi wa wakazi, kuanzia Shinyanga hadi machimbo ya Geita

Kabla hujanunua filimbi hata moja, amua mlinzi atakula nini. Watu wa kukesha hawajawahi kuwa haba ukanda huu. Kinachoviua vikundi vya ulinzi, au kuvigeuza kuwa kero kuliko vibaka wenyewe, ni siku mfuko unapokauka na walinzi wakaanza kujilipa. Huanza kidogo kidogo: aliyekutwa njiani saa tano usiku atoe elfu tano, aliyechelewa zamu atoe jogoo, mgeni asiye na mwenyeji atoe "ya chai". Baada ya miezi michache kikundi hakiwezi kuishi bila wakosaji, na kikiwahitaji hakikosi kuwapata.

Wazee wa Kahama watakwambia sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, haikuanza hivyo. Ilizaliwa huko Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zikiwa zimezagaa na wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa barabarani umeshamiri. Kijiji kizima kiliingia, chini ya mtemi wa sungusungu, katibu wake na makamanda. Mwano, ukelele wa hatari, ukipigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake. Ng'ombe walioibwa walifuatwa kwa nyayo. Wenye kijiji wakifika mpakani, kijiji cha pili kinapokea unyayo na kuendelea nao. Hapakuwa na mshahara. Kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wa kupoteza, na hiyo ilitosha kumtoa mtu kitandani.

Polisi na mahakimu hawakufurahia jambo hilo, lakini Chama na Serikali waliona linafanya kazi. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo kwa Sheria Na. 9, na vikundi vya aina hii vikapata kutambuliwa kisheria. Kwa hiyo unachokiunda si genge. Ni kikundi kinachojulikana kwenye sheria, na kwa sababu hiyohiyo mlinzi wako anaweza kushtakiwa akivuka mipaka. Wapo waliovuka. Katika mikoa hii vikongwe wamepigwa, wamefukuzwa na hata kuuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini, na baadhi ya sungusungu walikuwa miongoni mwa waliohukumu. Kule Kisii, Kenya, kikundi kilichobeba jina hilohilo kiliishia kutesa na kuua watu, hadi serikali ya huko ikakiweka kwenye orodha ya makundi haramu mwaka 2010.

Anzia mkutanoni

Usianzie kijiweni, wala kwenye kundi la WhatsApp, wala nyumbani kwa mfanyabiashara aliyeibiwa juzi na bado ana hasira. Halmashauri ya kijiji ina kamati tatu za kudumu, na mojawapo ni ya ulinzi na usalama. Huenda kwenu imelala, lakini ipo. Iamshe hiyo, usiunde nyingine pembeni yake. Peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kama uko mjini, Kahama au Geita, ni mkutano wa mtaa.

Mkutano upitishe kwa majina na kwa tarakimu: lindo linaanzia wapi na kuishia wapi, nani atakesha, kila kaya inatoa kiasi gani, nani hachangi, fedha zinakaa wapi, na hesabu itasomwa lini. "Tumekubaliana kuimarisha ulinzi" si azimio. Muhtasari usainiwe, nakala ziende kwa mtendaji wa kata na kwa polisi kata. Orodha ya walinzi iende huko pia, yenye jina kamili, kitongoji na namba ya simu ya kila mmoja. Polisi kata aipitie kabla mtu hajavaa kizibao. Mara nyingi anayejua zaidi njia za wezi ndiye wa kwanza kunyoosha mkono, na wakati mwingine anazijua kwa sababu alizipita.

Kama mnataka mchango uwe na nguvu ya kumbana mkaidi, azimio peke yake halitoshi. Inahitajika sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa, wananchi wanatoa maoni mkutanoni, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Ni safari ndefu, ianzeni mapema. Mpaka ikamilike, mlinzi hana ruhusa ya kuchukua kuku, baiskeli wala sufuria ya mtu kwa sababu hajatoa elfu mbili. Na ikishakamilika, faini inalipwa kwa mtendaji kwa stakabadhi na kuingia mfuko wa kijiji. Isipitie lindoni kamwe. Mengine yote humu unaweza kuyarekebisha kulingana na kwenu. Hili usiliguse.

Zamu au posho?

Vijijini Kishapu au Shinyanga Vijijini, ambako watu wanajuana hadi kwa babu, zamu bado inafaa. Kila kaya inatoa mtu mmoja kwa usiku wake, kamanda anaita majina saa nne, asiyefika anaulizwa. Wajane, wagonjwa, wazee wasio na kijana nyumbani na wanawake walioachwa na watoto wadogo wasamehewe bila kudaiwa fidia. Kuna vijiji vinavyowadai "hela ya kukosa zamu". Ni uonevu uliovaa koti la utaratibu.

Machimboni zamu haisimami. Nenda Rwamgasa, Nyarugusu, au popote palipotokea rashi, mkimbilio wa dhahabu, mwezi uliopita: nusu ya wakazi wamekuja na begi moja, wanalala kwenye vibanda vya turubai, na mawe yakigoma duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, wanahamia kwingine kabla zamu yao haijafika. Huko unahitaji walinzi wachache wa kudumu wanaolipwa posho, na mchango unaokusanywa kwa wiki badala ya mwezi. Ukimsubiri mchimbaji hadi tarehe 30, tarehe 30 yuko Mbogwe.

Tofautisha posho na mshahara. Mwenyeji anayekesha usiku kadhaa kwa mwezi na kupewa kitu cha kumpooza anapewa posho. Mtu anayelinda usiku wote, kila usiku, kwa maelekezo yenu, ni mwajiriwa. Ana haki ya mkataba, kima cha chini cha mshahara na mapumziko. Ulizeni ofisi ya kazi kabla hamjampa kizibao, si baada ya yeye kuwafikisha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hesabu kwenye karatasi moja

Tuseme mtaa una kaya 180 na mkutano umepitisha Sh 2,000 kwa mwezi. Mwenyekiti mwenye haraka atazidisha na kusema mna Sh 360,000. Hamna. Panga kwa kaya 7 katika kila 10, yaani 126, upate Sh 252,000. Ongeza maduka, gesti na mashine za kusaga. Tuseme zipo biashara 14 za Sh 10,000, hesabu 12, upate Sh 120,000. Jumla Sh 372,000. Hiyo ndiyo fedha ya kupangia. Ikizidi, shukuruni.

Matumizi: walinzi wanne kila usiku kwa posho ya Sh 2,000 kila mmoja ni Sh 240,000 kwa siku 30. Chai, sukari na kuni Sh 30,000. Tochi na kuzichaji Sh 25,000. Vocha ya simu ya lindo Sh 10,000. Nauli ya kumpeleka mtuhumiwa kituoni Sh 20,000. Jumla Sh 325,000, zinabaki Sh 47,000. Hizo zilizobaki msizigawane kwenye sikukuu. Sehemu kubwa ni mfuko wa mlinzi akikatwa panga: gari, matibabu, na chakula cha watoto wake wiki anazolala. Kikundi kisicho na mfuko huo hupoteza watu wake wazuri usiku wa tukio la kwanza zito, kwa sababu wake zao huwazuia, na wana haki ya kuwazuia.

Fedha zikae kwenye akaunti yenye watia saini watatu, wasiwe ndugu, na mmoja wao asiwe kiongozi wa kitongoji wala mtaa. Akaunti ya kikundi kwenye simu inafaa ilmradi kutoa kunahitaji zaidi ya mtu mmoja. Namba binafsi ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu kiasi gani, haifai. Akifariki leo, fedha zenu zinaingia kwenye mirathi yake. Kila anayetoa apewe stakabadhi. Kama mchango unapita kwa mtendaji, dai risiti ya mashine ya POS au ya kitabu cha HW5, si kipande cha daftari.

Mwisho wa mwezi bandikeni karatasi moja ukutani kwenye ofisi ya mtaa, dukani na kijiwe cha bodaboda. Upande mmoja kilichoingia, upande wa pili kilichotoka na jina la aliyepokea. Kubandika majina ya wasiochangia kunapendwa sana, nami nakukataza: wamo waliofukuzwa kazi, wenye wagonjwa, na mama aliyeficha kwamba mumewe hatumi tena hela. Bandika idadi ya nyumba zilizotoa na jumla yake. Jirani anajua kuhesabu.

Fedha yenye mwenyewe

Ukanda wa dhahabu una neema na mtego wake. Wenye makarasha ya kusaga mawe, wenye maduara, wanunuzi na wenye plant za kuchenjulia marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha sagwa) wana mali inayobebeka: gololi za karasha, mota, waya, viroba vya mawe, na zaidi ya yote kaboni iliyokwisha kushika dhahabu. Kiroba kimoja cha kaboni kinaweza kuzidi thamani ya nyumba tano za jirani. Kwa hiyo wapo tayari kuchangia, na wengine watakuja wakisema, "Mimi nitawalipa walinzi wote, msihangaike na kaya."

Kataa kwa adabu. Mlinzi anayelipwa na mtu mmoja atalala kwenye geti la mtu huyo, na siku mfadhili akigombana na vibarua wake kuhusu mgawo wa mawe, atawatuma walinzi wa mtaa kuwatimua. Weka ukomo: mchangiaji mmoja asizidi robo ya bajeti. Zana akitaka kutoa, ruksa. Taa ya sola kwenye njia panda, vizibao, koti la mvua. Hizo zikishafungwa hazimtii mtu. Kama ana mali ya kulinda usiku kucha, aajiri mlinzi wake, na lindo liwe rafiki wa mlinzi huyo.

Kampuni kubwa nazo zipo: Geita kuna mgodi wa GGM, Msalala kuna Bulyanhulu. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mpango wao wa kuhudumia jamii unapaswa kukubaliwa na halmashauri kila mwaka. Pitisheni maombi yenu kwa diwani yaingie kwenye mpango huo: jengo la kituo kidogo cha polisi, taa za barabara. Posho za walinzi zisitegemee huko. Mradi wa jamii hauji kila mwezi. Na walinzi wenu wasikanyage ndani ya eneo la leseni la kampuni kumfuata mtu. Hilo ni la walinzi wa mgodi na polisi.

Usiku wenyewe

Zana ni chache: tochi, filimbi, vizibao vyenye namba, kirungu, simu moja inayobaki lindoni. Bunduki hapana, hata gobore la mzee fulani lenye historia. Namba za vizibao ziandikwe kubwa, ili mwananchi aliyeonewa aseme "namba 7" bila kuhitaji kumtaja mtu.

Mwano bado ni kengele bora kijijini, hauhitaji chaji. Machimboni haufiki. Karasha zinanguruma usiku kucha, jenereta juu yake, na yowe la mtu aliyevamiwa linaishia ukutani kwake. Huko panga mnyororo wa simu: kila nyumba ijue namba ya lindo, lindo lijue namba za makamanda wa jirani, polisi kata, na 112. Waingizeni bodaboda kwenye mnyororo, kwa maana ndio walio macho saa nane na wanaijua pikipiki ngeni kwa mlio.

Kutembea usiku si kosa. Machimboni wa shifti wanatoka duarani saa saba, wamepakaa udongo na wamebeba mifuko. Mama ntilie anaamka saa tisa kuwasha moto. Mlinzi asalimie, aulize jina na aendako, aandike, aache mtu apite. Anayetakiwa kusimamishwa na kuulizwa zaidi ni yule anayeswaga ng'ombe usiku bila kibali cha kusafirisha mifugo, au aliyepakia mota ya umeme kwenye pikipiki isiyo na namba.

Daftari ndilo litakalowaokoa mahakamani. Liwe la kurasa zenye namba, lisichanwe. Maandishi mazuri yanafanana na haya:

"Usiku wa Jumanne. Saa 8:20. Nyuma ya karasha ya kaskazini. Vijana wawili, mmoja koti jekundu. Kiroba kimoja cha mawe, kimefungwa kamba ya bluu. Hawakueleza kilikotoka. Mwenye karasha ameitwa, amekitambua kwa kamba. Tumempigia polisi kata saa 8:35. Hawakupigwa. Wamekabidhiwa kituoni saa 10:05. Waliokuwepo: namba 3, 7, 9 na mwenye karasha."

Angalia yalivyo makavu. Hakuna "majambazi sugu", hakuna "walikiri". Maneno "hawakupigwa" yana thamani kubwa kuliko mengine yote, yakiwa ya kweli. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfungia stoo hadi asubuhi, kumfunga mtini, kumtoza, kumpeleka kwa mtemi akahojiwe, yote hayo yanamfanya mwizi kuwa mlalamikaji. Na watu wenye hasira wakifika na matairi, kazi ya walinzi inageuka: wanamlinda aliyekamatwa. Fanyeni zoezi la hilo mapema, mchana, maana usiku ule hakuna atakayefikiri.

Kesi za kukataa

Lindo likishasifiwa, watu wataliletea kila kitu. Madeni yatakuja kwanza. Mtu anadai laki mbili, anaona ni rahisi kuwapa walinzi elfu ishirini wakamtishe mdaiwa. Deni ni shauri la madai. Lipelekwe kwa mtendaji au mahakama ya mwanzo. Binti aliyetoroshwa na mahari iliyobaki, vivyo hivyo, isipokuwa binti ni mtoto, hapo ni polisi usiku uleule. Kampeni zikianza, mlinzi anayetaka kuvaa fulana ya chama avue kizibao kwanza.

Uchawi usipokelewe kabisa. Asiandikwe mtu, asiitwe, asitajwe lindoni. Anayekuja na jina alilopewa na mpiga ramli ndiye wa kuripotiwa, kwa sababu hatua inayofuata mara nyingi ni panga. Kikongwe anayeanza kusemwa vibaya, pamoja na mtu mwenye ualbino, wawe kwenye njia ya doria kila usiku. Kamanda ajue milango yao, na wao wajue sauti yake.

Baada ya kukabidhi

Mwenye mali aombe RB, yaani namba ya taarifa yake, kituoni, namba iandikwe kwenye daftari la lindo. Kisha waelezeni wananchi mapema kuhusu dhamana. Kijana aliyekamatwa Jumanne anaweza kuonekana sokoni Alhamisi, na hapo ndipo wengi wanaposema polisi wamehongwa na kwamba safari ijayo watamaliza wenyewe. Kwa makosa mengi dhamana ni haki ya mtuhumiwa, ni bure, na kesi inaendelea. Kama mna ushahidi wa rushwa, TAKUKURU wanapatikana kwa 113.

Kinachoua kesi nyingi ni kiti cha shahidi kilichobaki wazi. Mwenye karasha amehamia Chunya, namba 7 amekwenda kulima, namba 9 hana nauli ya kufika mahakamani na kurudi mara tatu kwa kesi inayoahirishwa. Mtuhumiwa anaachiwa. Weka kifungu cha nauli ya mashahidi kwenye bajeti, hata Sh 15,000 kwa mwezi, itoke kwenye zile Sh 47,000. Chukua namba ya simu ya kila shahidi, na ya mtu wa pili anayemjua. Chagueni mtu mmoja, katibu kwa mfano, awe anauliza tarehe kwa karani wa mahakama, aziandike kwenye kalenda inayoning'inia lindoni, na amkumbushe shahidi jioni ya kuamkia siku hiyo.